Kujenga kwa hempu na mimea mingine Bukavu: jibu kwa mama wa Panzi

Swali: Mama mmoja wa Panzi, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ana kiwanja chenye mteremko na anataka kujenga nyumba ya vyumba vitatu. Kaka yake anayeishi Ubelgiji amemtumia picha za nyumba ambayo kuta zake ni mabua ya hempu yaliyochanganywa na chokaa, akamsihi aachane na matofali ya kuchoma. Mama anauliza faida na hasara za ujenzi wa namna hiyo, kama hempu inaweza kupatikana huku kwetu, na kama sivyo, ni mimea ipi ya kwetu inayoweza kufanya kazi hiyo.

Jibu:

Mama, nakushukuru kwa kunieleza hali ya kiwanja chako, kwa maana wengi huniuliza juu ya kifaa bila kutaja mahali kitakapowekwa. Kaka yako hakukudanganya. Ukuta wa hempu na chokaa ni ukuta mzuri, na umetumika Ulaya kwa zaidi ya miaka 30. Lakini ulibuniwa kwa ajili ya nchi ambazo mwenye nyumba hulipia joto la ndani miezi mitano au sita kila mwaka, na gharama hiyo wewe huna. Yanayokusumbua wewe ni mteremko, mvua, tetemeko la ardhi, moto wa kwa jirani, na bati linalochoma mchana na kutoa baridi usiku. Kwa hali hiyo naona kwamba mimea ina kazi kubwa katika nyumba yako, ila si hempu, na mahali pake pa kwanza si ukutani bali juu, chini ya bati.

Nianze na hempu yenyewe, kwa sababu ukielewa namna inavyofanya kazi utajua pia kuipima mimea mingine. Hempu ni mmea wa jamii moja na bangi, ila mbegu zake zimechaguliwa ili kilevi kiwe kidogo mno; Umoja wa Ulaya unakubali mbegu ambazo kilevi chake hakizidi asilimia 0.3. Bua lake lina sehemu mbili. Nyuzi za nje huenda kwenye kamba, nguo na karatasi maalumu, na kiini cha ndani, ambacho ni kama mti laini wenye matundu madogo sana, zamani kiliuzwa zaidi kwa kutandikia farasi. Kiini hicho hukatwa vipande vidogo, huchanganywa na chokaa na maji, kisha hushindiliwa polepole ndani ya mbao za kofraji, yaani kalibu la muda la kumiminia ukuta, kuzunguka fremu ya mbao. Matumizi haya yalianza Ufaransa mwaka 1986, katika ukarabati wa nyumba ya kale iitwayo Maison de la Turque, mjini Nogent-sur-Seine. Nyumba za kale za aina hiyo zilikuwa na fremu za mbao, na walipozijaza au kuzipaka simenti, unyevu ulinasa ndani na mbao zikaoza. Chokaa na hempu viliuruhusu unyevu utoke.

Faida ambayo ingekuhusu wewe kuliko zote ni wepesi. Ukuta wa hempu una uzito wa kilo 300 hadi 400 hivi kwa mita moja ya ujazo, ilhali ukuta wa matofali ya kuchoma una kilo 1,600 hadi 1,900. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 8, yenye kuta za nje za kimo cha mita 2.7. Ukiondoa milango na madirisha, unabaki na takriban mita 80 za mraba za ukuta. Ukizijenga kwa hempu ya unene wa sentimita 30, unapata mita 24 za ujazo na uzito wa tani 8 au 9. Ukizijenga kwa matofali ya unene wa sentimita 20, unapata mita 16 za ujazo, lakini uzito wake unakaribia tani 30. Tofauti ya tani 20 juu ya mteremko wa udongo mwekundu wa Bukavu si jambo la kupuuza.

Tetemeko la ardhi nalo hulipiga jengo kwa kadiri ya uzito wake: kila tani unayoiweka juu ni tani ambayo ardhi itaitikisa. Wakaaji wa Bukavu wanaikumbuka Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, lilipotokea tetemeko la ukubwa unaokaribia 6 ambalo liliua na kujeruhi watu pande zote mbili za mto Ruzizi, mpaka wetu na Rwanda. Matofali yaliyopangwa bila mkanda wa zege wala ferabeto (nondo) ya kutosha hayana namna ya kujipinda. Hupasuka, kisha huanguka juu ya waliomo. Fremu ya mbao yenye ujazo mwepesi hujipinda na kulia, lipu hudondoka, lakini aghalabu watu hupata nafasi ya kutoka. Ndiyo sababu pia wenzetu wa Goma, waliozoea ardhi isiyotulia na kujenga juu ya mawe ya volkano, hawakuziacha nyumba za mbao, na mimi sioni kwamba ni umaskini peke yake unaowafanya wazipende. Na hapa kwetu, kwenye mteremko wa Funu ambao unasogea polepole mwaka hadi mwaka, nyumba ya mbao inaweza kunyanyuliwa na kunyooshwa, ilhali ya matofali ikishapasuka msingi huna la kufanya isipokuwa kuibomoa. Hii haimaanishi kwamba wepesi unatibu mteremko mbaya. Maji ndiyo yanayousukuma udongo, na nyumba nyepesi isiyo na mifereji itateremka pamoja na jirani zake wazito.

Faida ya pili, ambayo wauzaji wa Ulaya huitangulia kuitaja, ni kuzuia joto na baridi kupita. Kipimo kinachotumika ni kiasi cha joto kinachopenya kwenye kitu, na namba ikiwa ndogo kinga ni kubwa: kwa hempu na chokaa ni kati ya 0.07 na 0.1, kwa matofali ya kuchoma ni karibu 0.7, na kwa zege hupita 1.4. Kwa maneno mengine, hempu huzuia joto mara saba hadi kumi kuliko tofali la unene uleule. Kwa mtu wa Brussels hiyo ni fedha halisi kila mwezi. Wewe unaishi kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, mahali ambapo wastani wa joto haubadiliki sana mwaka mzima na huzunguka nyuzi 20. Ukuta wa tofali au wa udongo unatosha kabisa. Angekuwa ndugu yako wa Lubumbashi anayeniuliza, ningesitasita kidogo, kwa kuwa kule usiku wa Juni na Julai hushuka chini ya nyuzi 10 na Oktoba huunguza. Lakini hata yeye ningemwambia atazame bati lake kabla ya ukuta.

Ya tatu ni hesabu ya hewa chafu, na hapa inafaa kuwa mwangalifu, kwa sababu husemwa kwamba nyumba ya hempu "inakula" hewa chafu. Mmea wowote ukikua huvuta kaboni kutoka hewani, na ukifungiwa ukutani kaboni hiyo hukaa humo muda wote ukuta unaposimama. Hilo ni kweli. Lakini mita moja ya ujazo ya ukuta huo huhitaji takriban kilo 110 za hempu na kilo 220 za chokaa, na chokaa hutokana na kuchoma mawe. Kila kilo ya chokaa safi isiyozimwa ilipotengenezwa, jiwe lake lilitoa karibu gramu 785 za hewa ya ukaa, bila kuhesabu kuni au makaa yaliyolichoma. Chokaa huirudisha sehemu ya hewa hiyo ndani yake kadiri inavyokauka na kukaa miaka. Kwa hiyo hesabu ya mwisho ni nzuri, tena ni nzuri sana ukiilinganisha na simenti, ila si muujiza. Kwetu kinachouma zaidi ni kuni: tanuri za matofali za Kabare na Walungu hula mikaratusi, na chokaa iliyochomwa kwa kuni ingekula mikaratusi ileile.

Sasa hasara. Ukuta wa hempu haubebi kitu. Nguvu yake ya kuhimili mgandamizo huwa chini ya megapaskali 1 (karibu kilo 10 kwa kila sentimita ya mraba), wakati tofali la kawaida lililochomwa vizuri huhimili mara nyingi zaidi. Paa hubebwa na fremu ya mbao, kwa hiyo usidhani kwamba hempu itakupunguzia mbao. Nitaongeza jambo ambalo vitabu vya Ulaya hulipita haraka: mtu mwenye panga na subira anaweza kutoboa ukuta huo usiku mmoja. Katika mji ambamo watu huweka vyuma madirishani na chupa zilizovunjika juu ya ua, hilo lazima lipimwe. Wavu wa chuma chini ya lipu husaidia, lakini ni gharama nyingine.

Kukauka ni tatizo kubwa zaidi. Ukuta wa sentimita 30 uliomiminwa mbichi huhitaji majuma kadhaa, mara nyingi miezi miwili au mitatu, kabla ya kupigwa lipu, tena pawe na jua na upepo. Bukavu hupata takriban milimita 1,300 za mvua kwa mwaka, na mvua hiyo hunyesha kuanzia Septemba hadi Mei. Kiangazi chetu ni Juni, Julai na Agosti. Ukichelewa juma chache kwa sababu fundi amekwenda kwenye matanga au lori limekwama, ukuta wako utaingia katika mvua ungali na maji ndani, na mmea wenye maji huota ukungu hata ukiwa ndani ya chokaa.

Halafu kuna sheria na njia. Kupanda bangi ni marufuku nchini Kongo, na askari atakayekuta shamba lako hatakuwa na maabara ya kupima kama kilevi kiko chini ya asilimia 0.3, sikushauri ulijaribu jambo hilo hata kwa mbegu zenye cheti. Kuagiza kiini cha hempu kilichokwisha kukatwa ni njia nyingine, lakini kwa nyumba tuliyoipiga hesabu ungehitaji zaidi ya tani 2.5, na kwa kuwa ni chepesi mno kingejaza sehemu kubwa ya kontena la futi 20, ambalo lingepita baharini hadi Mombasa au Dar es Salaam na kupandishwa kwa lori hadi mpakani. Tani 5 na zaidi za chokaa zingebaki kutafutwa. Ukishalipa hayo yote, umejenga nyumba ya gharama kubwa ili kupata kinga ya baridi usiyoihitaji.

Moto nitaueleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu najua ndilo swali litakalokuja mezani utakapowaambia jamaa kwamba unajenga kwa mimea. Wamekwisha kuona moto wa mtaa wa Kadutu, jinsi unavyoruka kutoka nyumba ya mbao hadi nyingine huku watu wakibeba magodoro barabarani. Kinachoungua upesi vile ni mbao nyembamba iliyo wazi pande zote mbili, yenye hewa nyuma yake, na mara nyingi iliyopakwa mafuta machafu ya gari ili isiliwe na wadudu. Mafuta hayo ni kuni juu ya kuni, na ningefurahi kama desturi hiyo ingekoma. Mmea uliofunikwa kabisa kwa chokaa au udongo ni jambo jingine: hauna hewa ya kuwaka, kwa hiyo huungua polepole sana juu juu na kuwapa watu muda. Hempu yenye chokaa imepita majaribio ya moto kwa sababu hiyo, na ukuta wetu wa kale wa miti na potopoto, yaani udongo wa tope, una tabia hiyohiyo pale tu lipu yake ilipo nzima. Ufa ukiachwa, moto huingia. Kwa hiyo nyaya za umeme zipite ndani ya mabomba, zisizikwe uchi ndani ya majani, na mahali pa mbabula (jiko la mkaa) pawe pa matofali, mbali na fremu.

Tuje kwenye mimea yetu. Wa kwanza unaotajwa na kila mtu ni mwanzi, na unastahili kutajwa. Nguvu yake ya kuvutwa ni kubwa kwa uzito wake, na shina lililokomaa hupatikana kwa miaka mitatu hadi mitano. Nchini Kolombia, tetemeko la Januari 1999 lililobomoa mji wa Armenia liliwafundisha wahandisi kuziheshimu nyumba za mwanzi na udongo, ambazo zilipotunzwa vizuri zilisimama pale ambapo nyumba nyingi za matofali yasiyo na ferabeto zilianguka. Leo kanuni rasmi za ujenzi za nchi hiyo zinaruhusu nyumba za ghorofa moja na mbili zenye fremu ya mwanzi na lipu ya simenti. Lakini mwanzi wa Kolombia ni guadua, mnene na mgumu. Sisi tuna mwanzi wa milimani, ulio mwingi katika Hifadhi ya Kahuzi-Biega, na huo usiuguse wala usiununue kwa mtu asiyeweza kukuonyesha shamba lake: hifadhi hiyo iko katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1980, imo katika orodha ya urithi ulio hatarini tangu 1997, na machipukizi ya mwanzi ni chakula cha sokwe. Kilichobaki ni mwanzi unaopandwa na watu kando ya mito na mashamba, ambao una wanga mwingi, na wanga ndio unaowaita wadudu wanaougeuza kuwa unga mweupe.

Mwanzi usiotibiwa ukigusa udongo huoza kwa mwaka mmoja hadi mitatu. Ukiwa chini ya paa hudumu miaka minne hadi sita au saba. Ukitibiwa vizuri na kukaa pakavu hupita miaka 15. Dawa inayofaa ni boraksi pamoja na asidi ya boriki, vikiyeyushwa katika maji, na vipande vikalazwa humo baada ya kutobolewa vifundo ili dawa iingie. Dawa hiyo huoshwa na mvua ikatoka, kwa hiyo haimfai mtu anayetaka kuacha mwanzi wazi nje. Njia ya wazee ya kuulaza mwanzi katika maji yanayotiririka kwa mwezi mmoja hupunguza wanga na kusaidia, ingawa haitoshi peke yake. Tena mwanzi haupigwi misumari: hupasuka. Hutobolewa kwa keekee na kufungwa kwa bolti au waya. Hapa Bukavu ni mafundi wachache waliozoea kazi hiyo, na kwa hiyo ningetumia mwanzi uliopasuliwa kama fito za kushikia udongo ukutani, lakini nguzo nisingeziweka za mwanzi.

Nguzo ziwe za mkaratusi. Najua unalaumiwa kwa kunywa maji ya mashamba, na lawama hiyo ina ukweli wake mahali penye chemchemi; lakini ndio mti tulio nao, hukua upesi na ni mgumu. Hasara yake ni kwamba ukitumiwa mbichi hujipinda na kupasuka, na mbao nyingi zinazouzwa mjini ni mbichi. Zinunue mapema, uzipange juu ya vipande vya miti ili hewa ipite katikati, uzifunike juu tu, na uziache miezi kadhaa kabla ya kuzipiga msumari. Hakuna matumizi bora ya kivuli cha kiwanja chako mwaka huu.

Mmea unaonivutia zaidi kwa nyumba yako ni mpunga, au niseme makapi yake. Katika bonde la Ruzizi, kuanzia Luvungi hadi Sange na Kiliba, mpunga hukobolewa kwa wingi, na karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake hutoka kama maganda ambayo mengi hutupwa au kuchomwa. Maganda hayo yana silika nyingi kuliko majani mengine, kwa hiyo hayaozi upesi na wadudu hawayapendi sana. Ni mepesi, na yakiwa makavu huzuia joto vizuri hata kuliko ukuta wa hempu. Kasoro yake ni kwamba yakishika moto hayawaki kwa ndimi bali hufuka chini kwa chini kwa saa nyingi, na ndiyo maana hayawekwi makavu peke yake. Huchanganywa na uji wa chokaa au wa udongo hadi kila ganda lipate koti, kisha hutandazwa yakauke. Ukitaka kujua kama mchanganyiko wako unatosha, tengeneza bamba moja, liache likauke kabisa, ulikalishe juu ya mkaa unaowaka, na utazame asubuhi kama moto ulisafiri ndani yake au uliishia pale ulipogusa.

Makapi ya miwa, ukiyapata, yachukue kwa tahadhari. Yana sukari, na sukari ni adui wa simenti: hata sehemu moja kwa elfu ya uzito wa simenti huichelewesha kushika, na ikizidi simenti inaweza isishike ipasavyo. Hata vumbi la mbao lina tabia hiyo kwa kiasi fulani. Yaoshwe kwa maji ya moto au yalazwe katika maji ya chokaa kwanza. Mafunjo na matete hufaa kwa mikeka ya kubebea lipu, na nyasi zilizokatwakatwa hufaa kuchanganywa na udongo ili usipasuke. Katika hayo mafundi wa vijijini hawahitaji mafunzo yangu.

Basi, mama, kama kiwanja kingekuwa changu ningejenga hivi. Msingi wa mawe, uinuke sentimita 50 au 60 juu ya ardhi upande wa mlimani, kwa sababu nyumba zetu za miti na potopoto hazikufa kwa ubovu wa udongo bali kwa nguzo kuzikwa ardhini na matone ya mvua kurukia ukuta. Juu ya msingi, fremu ya mkaratusi mkavu yenye mihimili ya mshazari katika kila pembe. Bila mshazari fremu hulala kama ua lililosukumwa na ng'ombe. Katikati ya nguzo, fito za mwanzi zilizotibiwa na udongo wenye nyasi, kisha lipu ya chokaa na mchanga nje na ndani. Choo, bafu na jiko vijengwe kwa matofali, kwa maana maji na mimea havipatani, na huwezi kumfuata kila mtoto akimwaga ndoo. Bati litokeze nje ya ukuta kwa mita moja hivi, lenye mifereji inayopeleka maji kwenye tangi au kwenye mtaro wa zege, isiwe kwenye kiwanja cha jirani wa chini.

Chini ya bati, weka dari, au plafoni kama tunavyoizoea, iliyobeba sentimita 10 za maganda ya mpunga yenye chokaa. Hapo ndipo fedha yako itakapoonekana: mchana chumba hakitachemka, usiku hakitapoa ghafla, na mvua ikipiga watoto wataweza kusikilizana. Acha nafasi ya hewa kati ya maganda na bati, na uiwekee wavu mdogo kwenye matundu, la sivyo panya watakushukuru. Panya ni hasara ya kweli ya kila nyumba ya mimea. Kila uwazi uliofichika kati ya tabaka mbili ni chumba chao. Ukuta ujazwe hadi juu, usiachwe mtupu ndani.

Utakutana na upinzani wa aina mbili. Fundi atataka kupiga lipu ya simenti kwa sababu ndiyo anayoijua na huonekana ngumu. Mkatalie kwenye kuta za udongo: simenti hupasuka juu ya ukuta unaonyonya na kuachia unyevu, maji huingia katika nyufa na hayatoki, na mbao huoza bila wewe kuona. Jamaa nao watasema kwamba nyumba ya miti si nyumba ya kudumu. Katika hili wana hoja moja nzito: mtu akitaka kuuza au kuweka nyumba rehani, mnunuzi hapa hulipa zaidi kwa matofali, na itachukua muda hilo libadilike. Kama unajenga ili kuuza baada ya miaka mitano, jenga kwa matofali, weka mikanda ya zege chini, juu ya madirisha na juu ya ukuta, uchukue kwangu ushauri wa plafoni tu. Kama unajenga ili kukaa, na uko tayari kupaka lipu upya kila baada ya miaka michache na kukagua miguu ya nguzo kila kiangazi, basi nyumba niliyoieleza itakufaa zaidi juu ya mteremko ule.

Kuhusu majira, yaani jinsi ya kupanga kazi: nunua mbao na ulaze mwanzi mwaka huu, kabla ya kiangazi kuisha. Msingi, mitaro na mifereji ya kiwanja ijengwe kiangazi kijacho mapema Juni, fremu na bati mara tu msingi ukishashika, na udongo uingie ukutani paa likiwa tayari limefunikwa, ili mvua ya Septemba ikukute ndani ya kivuli. Maganda ya mpunga yanunuliwe baada ya mavuno, yakiwa makavu, wakati barabara ya Kamanyola inapitika vizuri. Na kabla ya kununua hata ubao mmoja, chimba shimo la mita moja na nusu katika pembe ya chini ya kiwanja wakati wa mvua, uone kama maji yanajikusanya ndani yake na baada ya siku ngapi yanakauka. Niandikie utakachokiona, pamoja na upana wa mteremko kutoka ukuta wa mlimani hadi wa bondeni, nami nitakuambia kama msingi wa mawe unatosha au kama utahitaji ukuta wa kuzuia udongo.